Niliiga chungu cha bibi, nikasahau miguu yake

Mwaka juzi nilipima sukari asubuhi kabla sijala, ikasoma 6.6. Daktari akaniambia kisukari bado, ila nimeshapiga hodi. Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa, ofisi iko Posta, Dar es Salaam, na mchana wangu kwa miaka mingi ulikuwa chipsi mayai na soda baridi.

Nikaamua kurudi kwenye chakula cha kwetu. Bibi yangu wa Marangu, Kilimanjaro, amevuka miaka 80 na bado analima. Basi kila Jumamosi nikawa naenda soko la Mabibo kununua ndizi mshare, napika kiburu kwa maharage, napika mtori, asubuhi uji wa ulezi. Miezi mitatu hiyo. Nikaongezeka kilo mbili!

Jibu nililikuta Desemba, tulipopanda nyumbani kwa Krismasi kama ilivyo ada yetu Wachaga. Saa 12 asubuhi bibi akanikuta na simu mkononi, akauliza kama nimekuja kulala. Tukateremka kukata majani ya ng'ombe. Kuteremka si kazi. Kazi ni kupanda na mzigo kichwani, kwenye kile kinjia cha udongo mwekundu unaoteleza. Nilisimama mara nne. Kila nikiinua macho namwona bibi mbele, amesimama ananingoja, mzigo wake umetulia juu ya ngata, mikono imeshikilia kiuno.

Siku ile nilimchunguza. Kiburu alikula sahani moja, jioni akala kabla giza halijaingia, basi, hakuna kudokoadokoa. Uji wake wa ulezi hauna sukari hata chembe. Mimi wangu nilikuwa natia vijiko vinne, na sahani ya ndizi naila saa 4 usiku mbele ya televisheni. Nilikuwa nimebeba chungu chake nikaiacha siku yake yote kule mlimani.

Si kwamba chakula hakina maana. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa huko huko Kilimanjaro, uliohusisha wanaume 77 wenye afya. Waliozoea vyakula vya asili walipewa vyakula vya kizungu kwa wiki 2, na damu yao ikaonyesha kinga ya mwili imewaka kama inayopambana na ugonjwa. Wenzao waliotolewa vyakula vya kizungu wakapewa vya asili, hali yao ikaelekea kutulia. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa wiki 1, nalo likaonyesha nafuu ya aina hiyo. Wajomba zangu hicho kipande cha mbege wamekikariri. Wiki moja, wajomba, wiki moja.

Kwa hiyo ukitaka kuiga wazee, iga ratiba yao kwanza. Mimi siku hizi nashuka mwendokasi kituo cha Fire, namalizia kwa mguu hadi Posta, jasho na yote; shati la pili liko kwenye droo. Chakula cha usiku ni saa 1, na hapo ndipo nilipoteseka zaidi, kwa sababu nyumba nzima ilinishangaa. Ndizi nazipima kwa sahani, mnafu na maharage vinachukua nusu yake. Nyumbani nimenunua kigoda: mboga nachambua chini, nguo ndogondogo nafua nimechuchumaa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda, walipopimwa, ilionekana wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, kama sisi wa ofisini tu, ila sehemu ya muda huo huwa wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli ya miguu inafanya kazi. Wiki ya kwanza magoti yangu yalilia kama mlango wa bati.

Kuna mengine ya bibi sitaki kuyaiga. Moshi wa kuni umemharibu macho, na mgongo unamuuma kila mvua zikianza. Na kama unatumia dawa za sukari au presha, usiziache kwa sababu ya makala hii. Rudi kwa daktari wako na vipimo.

Kipimo changu cha mwisho kilisoma 5.7. Desemba hii napanda tena, na bibi nimeshamwambia aniwekee ngata yangu.