Huyu kwenye picha ni mbung'o au pange?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi nafuga huku Babati, nimewatumia picha za nzi niliyemtoa kwenye ngozi ya ng'ombe, jirani mmoja anasema ni mbung'o mwingine anabisha anasema ni pange. Hivi kwa picha tu mnaweza kumjua, mpaka na aina yake? Mfugaji, Babati

JIBU: Jirani wa kwanza kapatia, huyo ni mbung'o kabisa. Cheki ile picha ya juu alivyotulia, mabawa yamelaliana mgongoni moja juu ya lingine mpaka yamepita mwisho wa tumbo, sasa pange hakai hivyo, ya kwake yanaachana. Anayechanganya watu zaidi ni nzi wa mazizini maana na yeye ana mdomo wa kunyonyea damu umechomoza mbele, ila naye mabawa hayalaliani. Afu zoom bawa, katikati kuna kachumba (kasehemu kalikozungukwa na mishipa ya bawa) kenye umbo la shoka, nzi wengine hawana hako, ubishi umeisha.

Ila ni mbung'o gani, hapo ndo pagumu, na hizi app za kutambua wadudu mi siziamini sana kwenye hili, kwa sababu za huko kwenu zinatofautishwa kwa miguu na wewe picha zote miguu imejificha. Vile vipingili viwili vya mwisho, miguu ya mbele na ya kati, ncha zikiwa nyeusi tunafikiria aina zinazoitwa morsitans au swynnertoni, zisipokuwa nyeusi ni aina ya pallidipes. Swynnertoni anapatikana kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya kwa hiyo kwako wala hatanishangaza.

Na usione ni mambo ya wasomi tu, pallidipes anavutwa sana na mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi ukiuwekea mkojo wa ng'ombe na asetoni, swynnertoni harufu hizo hazimvuti kihivyo. Unguja walimmaliza mbung'o miaka ya 1990 kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa, na iliwezekana kwa sababu kule kulikuwa na aina moja tu, austeni.

Ukimpata mwingine mlaze chali kwenye karatasi nyeupe, sarafu pembeni tuone ukubwa, mwanga wa mchana bila flashi, uandike na ulipomkamata. Ng'ombe wakianza kukonda muite mtu wa mifugo apime damu kuona kama mbung'o wamewaambukiza ugonjwa, hiyo usisubiri picha.