Jibu: Mbegu ilitiwa dawa, mbona ngano imeshikwa na kutu?
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini ngano yako imepata kutu, ule ugonjwa wa kuvu unaotoa vipele kwenye majani, wakati wa kutoa masuke ilhali mbegu ilipakwa tebukonazoli, dawa ya kuua kuvu. Si lazima dawa iwe feki.

Dawa hiyo huyeyuka kidogo kidogo kwenye udongo wenye unyevu, huingia kupitia mbegu na mizizi michanga, kisha hupanda na maji kwenye zailemu, yaani mirija inayopandisha maji mmeani. Hupanda tu, haishuki. Kwa hiyo nyingi huishia kwenye ncha za majani ya kwanza, yale ambayo sasa yameshakauka. Mmea ukirefuka, kiasi kilekile kinagawanyika mno, na jani la mwisho chini ya suke, ambalo ndilo hasa linalojaza punje, halipati cha maana.

Kazi kubwa ya tebukonazoli kwenye mbegu ni kuzuia fugwe, ugonjwa ule unaogeuza suke kuwa unga mweusi. Kuvu wake hulala ndani ya kiini cha mbegu, ndiyo maana thiramu, dawa nyingine ya mbegu inayobaki juu ya ganda, haimfikii. Hapo mimi sipandi bila tebukonazoli.

Kwa kutu, kagua shamba jani hilo linapochomoza, upulizie dawa ya kuvu mapema ukiona vipele vya kwanza. Na tafadhali, mbegu iliyopakwa dawa ikibaki isiende jikoni wala kwa kuku.