Mwalimu, futa hiyo feri kwenye ratiba

Mwalimu wa Tanga, hiyo ratiba uliyobandika ya kuwaleta wanafunzi 45 Mombasa (ngome ya Fort Jesus asubuhi, bustani ya wanyama ya Haller Park mchana, saa kumi na moja jioni kuvuka kwenda ufukwe wa Diani kuogelea) ichane. Gesti na chakula cha bei nafuu ni vya siku nyingine, leo feri ya Likoni, ile inayovusha watu na magari kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda pwani ya kusini, iliko Diani.

Wakala aliyekuandikia "kuvuka Likoni dakika 10" amekuhesabia maji tu. Mkono wa bahari pale ni kama nusu kilomita, hilo si tatizo. Siku yenu inaliwa nchi kavu. Basi likifika kivukoni abiria wanashuka. Dereva anabaki kwenye foleni ya magari na analipia, watoto wanapita geti la waendao kwa miguu, bure, pamoja na wafanyakazi, mikokoteni na baiskeli. Geti likifunguliwa watu wanamiminika. Hakuna atakayewangoja 45 wenu watimie. Thelathini wakiingia feri hii, kumi na tano wamebaki, na basi bado liko nyuma ya malori. Mko makundi matatu, na laini zenu za Tanzania huenda zisishike mtandao. Jioni ndiyo balaa zaidi, maana saa kumi na moja nusu ya mji inatoka kisiwani kurudi Likoni, na ndiyo saa aliyokupangia huyo bwana!

Mawakala hawa wananikera wallahi. Wanachora mstari Fort Jesus mpaka Diani, wanachukua malipo ya awali, halafu siku yenyewe simu haishikwi. Na msiseme naringia kisiwa: mimi mtu wa Likoni, feri ndiyo yangu, na mkoba mmoja tu kuulinda mle unanitoa jasho.

Kanuni ni moja: wanafunzi na basi lao wasitenganishwe na maji. Mkitokea mpakani Lunga Lunga, Ukunda, mji ulio jirani na Diani, mnaupita kabla ya Likoni, kwa hiyo Diani iwekeni siku ya kuja au ya kurudi. Halafu pale Kibundani msiendelee na Likoni. Shikeni barabara ya Dongo Kundu, mvuke madaraja ya Mteza na Mwache, mtokee Miritini, muingie kisiwani kwa njia ya Makupa, isiyo na feri. Kilomita zinaongezeka, na huko Changamwe kuna malori ya bandari, kwa hiyo tokeni alfajiri. Lakini vichwa mnahesabu mara moja, mlango unafungwa, basi.

Fort Jesus hufunguliwa saa mbili asubuhi. Muwepo saa hiyo, uani kivuli ni haba. Malipo ni ya eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa kulipa mtandaoni, si noti, basi tafuteni mwenyeji mwenye laini ya Kenya. Bebeni pasi na barua ya shule, maana kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki si sawa na cha mgeni wa mbali. Msiruke vitu vya San Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome 1697, Waomani wakiwa wameizingira. Mji Mkongwe ni kwa miguu, barabara yake ya Ndia Kuu basi halipiti.

Haller Park iko Bamburi, mnapita daraja la Nyali mkiwa mmekaa.

Wakala akikataa Dongo Kundu, muulize basi litavuka feri ya ngapi, na nani atakaa na watoto ng'ambo mpaka lifike. Akisita, usimtumie hata shilingi.