Usiishie kwenye sifuri: nilivyojifunza kutafuta vilele na mabonde ya funksheni

Juzi usiku, saa nne na nusu, nimeshazima taa, simu ikaita mlio wa ujumbe. Alikuwa binti mmoja wa kidato cha sita, yuko PCM (fizikia, kemia na hisabati), anakaa Tabata, na huwa anafuatilia ninayoandika hapa. "Shikamoo mwalimu. Swali la bati nimekosa tena. Njia yangu yote ni sahihi, nimepata 10 na 30, nikachagua 30. Kwani kosa langu liko wapi?" Chini yake aliweka picha ya ukurasa wa daftari. Mwandiko mzuri, mistari imenyooka, na pale mwisho alama nyekundu ya kosa imepita juu ya ile 30.

Nikawasha taa, nikakaa kitandani. Lile kosa nalifahamu. Ni langu. Miaka kumi na mitano imepita na bado nikiliona kwenye daftari la mtu mwingine moyo unashtuka.

Swali lenyewe ni hili. Una bati la mraba, sentimita 60 kwa 60. Unakata mraba mdogo wa sentimita x kwenye kila kona, unakunja pande nne, unapata sanduku lisilo na mfuniko. Ukate x ya kiasi gani ili sanduku libebe kingi zaidi? Ukipita Gerezani utawakuta mafundi bati wanaifanya kazi hii kutwa nzima, mkasi na nyundo. Wakikata kidogo, sanduku linakuwa sinia. Wakikata sana, linakuwa refu jembamba. Ujazo wake ni x(60 − 2x)². Hiyo ni funksheni, yaani kanuni inayokupa namba moja kwa kila x. Ukiidifarenshieti unapata derivativu yake, yaani kasi ya kupanda au kushuka kwake: 12(x − 10)(x − 30). Inakuwa sifuri mara mbili, kwenye 10 na kwenye 30. Mpaka hapo yule binti alikuwa sahihi kabisa.

Sasa niwaambie ya kwangu.

Mwaka 2010 nilikuwa kidato cha sita katika shule moja hapa Dar, PCM pia. Nilikuwa nategemewa. Nyumbani Buguruni mama aliuza juisi ya miwa, na kila mteja alijua kwamba mwanawe atakuwa injinia. Ukaja mtihani wa moko, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa mwisho. Swali la funksheni likatoka: x³ − 6x² + 9x + 1, ikielezwa kuwa ni faida ya kiwanda, na x iko kati ya 0 na 3 na nusu. Tutafute faida kubwa inapatikana wapi. Nikadifarenshieti kwa dakika moja: 3x² − 12x + 9. Nikatoa vigawo: 3(x − 1)(x − 3). Nikapata 1 na 3. Nikatabasamu, naapa. Nikaandika 3, nikapiga mstari mara mbili, nikahamia swali lingine.

Kwa nini 3? Kwa sababu tumeambiwa tutafute kubwa, na 3 ni kubwa kuliko 1. Ndivyo nilivyofikiri.

Siku ya kurudishiwa makaratasi mwalimu alilichukua langu, akasimama mbele, akasoma jibu langu kwa sauti. Kisha akaandika ubaoni: x ikiwa 1, faida ni 5. x ikiwa 3, faida ni 1. Akageuka: "Huyu ndiye mnayesema ana akili. Mfanyabiashara kamwomba ushauri, yeye kamwelekeza kwenye shimo." Darasa zima likaangua kicheko. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha tano alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Nilitoka nje nikasimama kwenye mwarobaini hadi kengele ikalia.

Mwalimu yule alikuwa sahihi kuhusu hesabu. Kuhusu mengine hakuwa sahihi, na nitalirudia hilo.

Kilichonikosesha ni kwamba miaka miwili nilikuwa nimekariri maneno ya Kiingereza bila mtu kuniambia yana maana gani kwa lugha ninayoiota. Derivativu ikiwa sifuri, tuliandika jina lake la Kiingereza, tukaendelea. Hakuna aliyesema: mahali hapo ni mahali pa kutulia tu. Hapapandi, hapashuki. Hujaambiwa kama uko juu ya mlima au chini bondeni.

Panda mwendokasi Magomeni kuelekea Kivukoni. Basi linateremka mpaka Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, kisha linapanda kwenda kituo cha Fire. Ukiwa umesimama ndani, macho umefumba, kuna sehemu utahisi basi limelala sawa, halishuki wala halipandi. Hiyo ndiyo sifuri yako. Umejuaje kwamba ni bonde? Kwa sababu sekunde chache kabla ulikuwa unashuka, na sekunde chache baadaye unapanda. Derivativu imetoka hasi, ikapita sifuri, ikawa chanya. Hilo ni bonde. Ikitoka chanya ikaenda hasi, hicho ni kilele. Wakati wa masika maji hujaa Jangwani na mabasi husitishwa, kwa sababu mto Msimbazi hufurika, na barabara ya karibu, pande zote mbili, iko juu yake.

Sikiliza neno "karibu". Jangwani ni chini kuliko majirani zake, lakini si chini kuliko njia nzima. Ukiendelea hadi Kivukoni unafika baharini, na bahari iko chini zaidi. Ndiyo maana tunazungumza kuhusu kilele cha mahali na bonde la mahali. Ile funksheni yangu ya moko ina kilele kwenye 1, thamani yake 5. Lakini tungeruhusiwa kwenda mpaka 5, faida kule ingekuwa 21. Kwenye 4 tayari imerudi kuwa 5. Kwa hiyo swali likikupa mipaka, pima pia thamani kwenye mipaka yenyewe, maana pale mwisho jibu linaweza kuwepo bila derivativu kuwa sifuri. Wanafunzi wengi ninaowafundisha hulisahau hilo.

Ushauri wangu wa kwanza, na ukisahau mengine yote ushike huu: ukipata sifuri, angalia pande zote mbili. Chukua namba kidogo kushoto, chukua kidogo kulia, weka kwenye derivativu, tazama alama. Kwenye bati, weka 9: 12 × (−1) × (−21), chanya. Weka 11: 12 × 1 × (−19), hasi. Tulikuwa tunapanda, sasa tunashuka. Kumi ni kilele. Inachukua nusu dakika.

Wapo wanaopenda derivativu ya pili, yaani derivativu ya ile derivativu, na ni njia nzuri. Ya bati ni 24x − 480. Kwenye 10 inatoa −240, hasi, basi ni kilele. Kwenye 30 inatoa 240, chanya, basi ni bonde. Lakini usiiamini kipofu. x⁴ ina bonde safi kabisa kwenye 0, na derivativu yake ya pili pale ni sifuri, haikuambii lolote. x³ nayo inatulia kwenye 0 halafu inaendelea kupanda, si kilele si bonde. Utafanya nini? Utarudi kule kule: angalia pande zote mbili.

Hesabu hizi zilianza na watu wenye shida za kweli. Johannes Kepler, huyu wa sayari, alioa mara ya pili mwaka 1613 akiwa Linz, Austria. Akanunua mapipa ya mvinyo, akamwona muuzaji akipima ujazo kwa kutumbukiza fimbo tu kwenye tundu la pipa. Hakuridhika. Mwaka 1615 akatoa kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa, na ndani yake akagusia jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: karibu na kilele, mabadiliko huwa madogo mno. Miaka ya 1630 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, akapata njia ya kukitafuta kilele hicho kwa hesabu, na mwaka 1684 Mjerumani Leibniz akachapisha kanuni tunazozitumia hadi leo.

Jambo hilo la Kepler nililiona kwa macho yangu pale Buguruni. Baada ya moko nilikuwa siongei na watu. Nikakaa na mama kwenye mashine ya miwa, daftari mapajani, nahesabu glasi. Glasi ilikuwa shilingi 500, na kwa siku aliuza kama glasi 80. Nikamwomba tujaribu bei nyingine kwa wiki kadhaa. Kwa makadirio yangu, kila tukipandisha 100 tulipoteza wateja kama 10. Miwa, ndimu, tangawizi na barafu ziligharimu kama 200 kwa glasi. Basi tukipandisha mara n, faida kwa siku ni 1,000(3 + n)(8 − n). Derivativu ni 1,000(5 − 2n). Sifuri iko kwenye mbili na nusu. Kabla ya hapo chanya, baada ya hapo hasi. Kilele! Bei ni 750.

Nikamwonyesha mama kwa fahari. Kwa 500 ulipata 24,000. Kwa 750 ungepata 30,250. Akaniuliza, kwa 700 je? Nikapiga: 60 mara 500, ni 30,000. Na 800? 50 mara 600, ni 30,000 vilevile. Akanyamaza kidogo, anafuta glasi kwa kitambaa. "Basi iwe 700, mwanangu. Faida ile ile, lakini watu sitini wamekunywa badala ya hamsini. Na 750 nitatoa wapi chenji ya hamsini?"

Mama aliishia darasa la saba, na siku ile alinifundisha alichokiona Kepler: kileleni pamelala, hatua ndogo huku au kule haikupotezei kitu kikubwa, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua kwa sababu nyingine. Mtihani wa mwisho nilipata B ya hisabati. Chuo nikamaliza uinjinia, na leo jioni za wiki nafundisha tuisheni Mabibo. Nasema hili kwa kujivuna, na sioni haya, kwa sababu kuna watu walicheka.

Ndugu zangu mnaotaka uinjinia, uchumi, takwimu: hakuna atakayekuuliza derivativu ni ngapi. Atakuuliza wapi pana faida na wapi pana hasara. Andika maana ya jibu lako kwa Kiswahili pembeni ya daftari, hata kama mtihani ni wa Kiingereza. "Hapa sanduku ni kubwa." "Hapa hakuna sanduku." Rudisha namba uliyopata kwenye swali uone linasemaje. Angalia pande zote mbili. Nimesharudia mara tatu na nitarudia tena.

Na walimu wenzangu. Mtoto akikosa, mwonyesheni kosa, basi. Yule mwalimu wangu angeweza kuandika ubaoni zile 5 na 1 bila kunitaja, na darasa zima lingejifunza. Alichagua kunifanya kichekesho. Nilijifunza licha yake, na wapo waliokuwa dawati la nyuma ambao baada ya siku ile hawakunyoosha mkono tena hadi tunamaliza shule. Mtoto wa mtu amekuja kwako hajui, na ndiyo sababu ya yeye kuja.

Yule binti sikumpa jibu. Nilimwandikia: "Marahaba mdogo wangu. Njia yako ni nzuri. Chukua karatasi ya mraba, pande zake sentimita 30, nusu ya pande za lile bati. Kwa hiyo 30 yako inakuwa 15 na 10 inakuwa 5. Kata kona zote nne kwa 15, kunja, unitumie picha."

Asubuhi nikiwa kwenye foleni ya daladala picha ikaingia. Meza ya plastiki, mkasi, na juu yake vipande vinne vya karatasi vya mraba, vimelingana. Hakuna cha kukunja. Chini ameandika, "Mwalimu, kitako kimeisha!"

Baada ya dakika kumi ikaja nyingine. Kisanduku kidogo cha karatasi ya kalenda, kimekatwa kwa 5, kona zimeshikwa kwa pini, na ndani amejaza mchele.