Jibu: Mbona dafu na embe vinatua pamoja?

Mkuu, umeuliza: kama dunia inalivuta dafu kwa nguvu kuliko embe, mbona ukiviachia pamoja toka ghorofa ya tatu vinatua karibu sawa?

Ni kweli dafu linavutwa zaidi. Ila kitu kizito ni kigumu pia kukichapusha, yaani kukiongezea kasi. Angalia basi la mwendokasi likiondoka Kimara limejaa hadi mlangoni: injini ileile, lakini linachanganya polepole kuliko likiwa tupu. Mchapuko (kiasi ambacho kasi inaongezeka kila sekunde) ni kani, yaani nguvu inayovuta au kusukuma, gawanya kwa tungamo, yaani kilo za kitu.

Piga hesabu. Dafu la kilo 2 linavutwa kwa nyutoni (kipimo cha kani) 19.6, gawanya kwa 2, unapata 9.8. Embe la nusu kilo linavutwa kwa nyutoni 4.9, gawanya kwa 0.5, ni 9.8 ileile. Yaani kila sekunde inayopita, kasi inaongezeka mita 9.8 kwa sekunde.

Unyoya unachelewa kwa sababu ya hewa tu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja. (Wewe usijaribu toka ghorofani Kariakoo, chini kuna watu!)