Saa sita zinazowaponza wenye cheti cha LEED

Wahandisi na wasanifu majengo wadogo zangu hapa Nairobi hawaachi kuniuliza: "Kaka, nimefaulu Green Associate, sasa nifanyeje?" (Hilo ndilo daraja la kwanza la cheti cha LEED, mfumo wa Marekani wa kupima majengo yanayojali mazingira.) Huwa nawaambia wafungue daftari siku hiyohiyo waanze kuhesabu saa.

Cheti cha LEED kinadumu miaka 2 tu. Ndani ya muda huo GBCI, shirika la Marekani linalosimamia vyeti hivi, linataka Green Associate awe na saa 15 za mafunzo endelevu, 3 kati yake zikihusu LEED yenyewe. Ukipanda ukawa LEED AP mwenye fani, yaani mtaalamu wa daraja la juu aliyebobea upande mmoja, zinakuwa 30, na za LEED ni 6. Kisha unalipa ada ya kuhuisha. Mimi nimekuwa nikilipa dola 85. (Wakubwa zetu waliopata LEED AP ya zamani, isiyo na fani, hawadaiwi saa hata moja. Ukimsikia mmoja wao akisema cheti hakiishi, ujue anazungumzia chake.)

Saa za kawaida hazimsumbui mtu. Semina ya umeme wa jua, warsha ya kuvuna maji ya mvua, hata mafunzo unayohudhuria kwa ajili ya bodi yako ya taaluma: mradi yahusu ujenzi unaojali mazingira, unayaandikisha mwenyewe. Shida ni zile 6 za LEED. Semina nyingi za huku zinahusu EDGE, mfumo mwingine wa kupima majengo ulio wa IFC, tawi la Benki ya Dunia, na sishangai, maana ndio unaotumiwa na wajenzi wa nyumba za kupangisha, kama Acorn na hosteli zake za Qwetu. Matokeo yake mtu anafika mwezi wa mwisho ana saa tele, za LEED hana. Na zile zilizozidi hazivuki kwenda kipindi kijacho. Kwa hiyo anza na hizo 6, mengine yatajijaza. Tangu LEED v5, toleo la tano la mfumo huu, itoke mwaka 2025, ningechukua kozi zinazoeleza mabadiliko yake, kwa sababu utayahitaji kazini hata kama hakuna anayekuhesabia.

Kuhusu kupanda daraja, usikae sana. Mtihani wa AP una maswali 100 kwa saa 2, na alama ya kufaulu ni 170 kati ya 200, kama ule wa Green Associate. GBCI hawadai uwe umefanya mradi, ila aliyewahi kuhangaika na nyaraka za mradi halisi hupata wepesi. Angalia pia kalenda: ukifaulu AP, kipindi kipya cha miaka 2 huanza siku hiyo, na saa ulizokusanya ukiwa Green Associate haziji nawe. Kama una nia ya kupanda, fanya mtihani mapema kabla hujahangaika na saa 15, lakini jiachie nafasi ya kuurudia. Tarehe ikikupita hujahuisha, unaanza upya na mtihani.

Fani gani? Karibu kila mtu anakimbilia BD+C, ya majengo mapya. Kwa msanifu, sawa. Lakini wewe unayesimamia jengo la ofisi, unayepigiwa simu kiyoyozi kikigoma na bili ya umeme ikipaa, chukua O+M, ya uendeshaji na matengenezo ya majengo. Majengo yaliyokwisha kusimama ni mengi kuliko yanayojengwa, na kwa maoni yangu huko ndiko kazi ilipo.

Tunza kila cheti cha mahudhurio, kwa sababu GBCI wanaweza kukagua saa ulizojiandikia. Na akaunti ifungue kwa barua pepe yako binafsi, si ya ofisi, maana ukihama kazi vikumbusho vya kuhuisha vitaendelea kwenda kule ulikotoka.