Maswali ya Wasomaji: Mafunzo ya Wodini Mbali na Chuo

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninasomea udaktari, mwaka wa nne. Hivi karibuni tutagawanywa katika hospitali zilizo mbali na chuo kwa mafunzo ya vitendo, na wenzetu waliotutangulia wanatueleza habari zinazopingana: wapo wanaosema kwamba huko mwanafunzi hujifunza kuliko mahali pengine popote, na wapo wanaosema kwamba huachwa akizurura wodini bila mwalimu. Nitarajie nini, na je, sitarudi nikiwa nimeachwa nyuma na wale wanaobaki katika hospitali ya chuo?

JIBU: Marahaba. Nianze na hofu yako ya mwisho, kwa kuwa jambo hilo limekwisha kupimwa. Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kimekuwa kikiwapeleka baadhi ya wanafunzi wake wa mwaka wa tatu kukaa miezi mingi katika miji midogo tangu 1971, na Chuo Kikuu cha Flinders nchini Australia kilianza mpango wa namna hiyo mwaka 1997. Matokeo ya mitihani ya wanafunzi wa Flinders yalipolinganishwa na ya wenzao waliobaki katika hospitali kubwa ya mjini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wale wa mbali hawakuwa nyuma, bali alama zao zilikuwa zimepanda zaidi. Hata hivyo, usiyachukue matokeo hayo kuwa dhamana, maana wanafunzi hao walikaa muda mrefu, walikwenda kwa hiari yao, na walipokelewa na madaktari waliojua wajibu wa kufundisha. Wiki nne katika hospitali ambayo haikujiandaa kukupokea ni jambo jingine kabisa.

Tofauti kubwa utakayoiona ni ya wagonjwa wenyewe. Katika hospitali ya rufaa, mgonjwa mara nyingi hufika akiwa na barua, picha za eksirei na jina la ugonjwa wake, na ameshahojiwa na watu wengi kiasi kwamba amezoea kulisimulia tatizo lake kwa maneno ya madaktari. Katika hospitali ndogo mtu huja na kikohozi, au maumivu ya tumbo, au mtoto mwenye homa, na huenda wewe ukawa wa kwanza kumsikiliza. Hapo ndipo utakapogundua kwamba kuyajua magonjwa kwa majina hakutoshi ikiwa hujazoea kuanza na dalili na kuufuata ugonjwa ulikojificha. Maradhi ya kawaida, ambayo mihadhara huyapita haraka, utayaona kila siku. Yale adimu utayaona kwa nadra, nawe itakupasa kuyasoma jioni kwa juhudi zako mwenyewe.

Kuhusu mwalimu, wenzako wa pande zote mbili wanasema kweli. Daktari atakayekusimamia ana wagonjwa wanaomsubiri nje ya mlango, na hakuna aliyempunguzia hata mmoja kwa sababu wewe umefika. Mafundisho yake yatakuja vipande vipande, kati ya kitanda na kitanda wakati wa raundi, au mnapotembea kuelekea chumba cha upasuaji. Anayengojea kuitwa darasani atangoja sana. Ushauri wangu ni kwamba kila wiki umwombe akutazame ukichukua historia ya mgonjwa mmoja na kumpima tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akueleze ulipokosea. Ombi hilo huchukua muda mfupi, na bila hilo tathmini yako ya mwisho itaandikwa na mtu aliyekuona ukisimama nyuma ya wengine tu. Katikati ya muda wako, muulize waziwazi kama unaendelea vizuri, kwa kuwa kasoro iliyotajwa siku ya kuondoka haina tena nafasi ya kurekebishwa.

Siku za mwanzo zitapotea katika kujua mafaili yanakaa wapi, chupa ipi ni ya kipimo kipi, na nani apigiwe simu usiku. Hayo waulize wauguzi na wakunga, na uwaulize kwa adabu, maana wao ndio wanaoijua wodi, na mwanafunzi anayewapita kama hawapo hujinyima walimu waliokuwa tayari kumsaidia. Kabla ya safari, hakikisha kitabu chako cha kumbukumbu kinaonyesha ni kazi zipi za mikono unazodaiwa na chuo, na uwe umekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida dozi zake 3 hutolewa katika kipindi cha miezi 6, hivyo si jambo la kukumbuka wiki ya mwisho.

SWALI: Je, nikiagizwa kufanya jambo ambalo sijawahi kulifanya, kwa mfano kutoa maji ya uti wa mgongo, nikatae?

JIBU: Usikatae kimya kimya, wala usijaribu kimya kimya. Sema, "Nimeona likifanywa, sijalifanya, naomba usimame nami." Daktari mwenye busara hatachukizwa na sentensi hiyo, na anayechukizwa nayo ndiye hasa ambaye kwa agizo lake hupaswi kulifanya jambo hilo ukiwa peke yako. Mgonjwa naye ajue kwamba wewe ni mwanafunzi, na ana haki ya kukukataa.

Ukijichoma sindano iliyotumika, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kisha toa taarifa papo hapo, hata kama ni saa nane za usiku na unaona haya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafaa zaidi zikianzwa mapema, zisipite saa 72, nazo hunywewa kwa siku 28. Kwa hiyo uliza siku ya kwanza unapofika dawa hizo zinawekwa wapi, na nani mwenye ufunguo usiku na siku za mapumziko.